Maamuzi Yasiyopigiwa Ngoma: Miaka 60 ya Benki Kuu Ikitazamwa kutoka Pemba

Kuanzia tarehe 6 Januari hadi tarehe 5 Aprili 2025, kila aliyekuwa na noti za Tanzania za matoleo ya mwaka 1985 hadi 2003 alitakiwa kuzipeleka benki abadilishiwe. Orodha ilikuwa na noti za shilingi 20, 200, 500, 1,000, 2,000, 5,000 na 10,000, na pamoja nazo noti ya 500 ya toleo la 2010, ambayo nafasi yake ilikwisha kuchukuliwa na sarafu. Tangazo lilikuwa fupi, la kiofisi, lisilo na neno hata moja la kumsisimua mtu. Muda ulikuwa miezi mitatu. Aliyechelewa alibaki na karatasi yenye picha nzuri.

Mjini Dar es Salaam tangazo kama hilo ni la kusoma na kupita. Pemba lilikuwa na hesabu zake. Miezi ile mitatu iliangukia kwenye kaskazi, wakati ambapo mvuvi wa Kojani huenda akawa dago, mbali na kwao, na kashani ameacha kilichoachwa. Ilimeza Ramadhani nzima na Sikukuu ya Idi, siku ambazo fedha iliyofichwa hutolewa na ya leo hufichwa. Ofisi ya Benki Kuu upande wa Zanzibar iko Gulioni, Unguja, kwa hiyo mtu wa Makangale au Kangani alibadilisha noti zake kwenye kaunta za benki za biashara za Wete, Chake Chake na Mkoani. Waliowahi waliwahi. Bibi aliyekuwa ameshona noti zake ndani ya mto alihitaji mjukuu mwenye redio.

Nimeanza na jambo hili dogo kwa sababu Benki Kuu ya Tanzania, iliyofunguliwa tarehe 14 Juni 1966, inatimiza miaka 60 mwezi Juni 2026, na historia za taasisi za namna hii huandikwa kwa majina ya magavana. Edwin Mtei, Charles Nyirabu, Gilman Rutihinda, Idris Rashidi, Daudi Ballali, Benno Ndulu, Florens Luoga, Emmanuel Tutuba: majina manane, kila moja na sura yake, majengo yake na misukosuko yake. Ni njia halali ya kuandika. Lakini ukikaa Pemba ukaitazama benki hiyo kwa miongo sita, gavana huonekana kwa mbali sana, saini tu kwenye noti. Kinachofika hasa ni yale maamuzi ya kawaida yanayopitishwa kikaoni baina ya ajenda moja na nyingine: noti gani iendelee, sarafu gani ichongwe, akiba iwekwe wapi, nani apewe leseni, fedha za kigeni ziombwe kwa fomu gani. Hayo hayapigiwi ngoma. Na katika kisiwa chenye zao moja kubwa na msimu mmoja mkubwa, ndiyo yaliyoamua nani ale nini.

Pemba ilizoea zamani kutumia fedha iliyoamuliwa mbali. Katika karne ya 19 riali ya Maria Theresa, yenye sura ya malkia wa Austria aliyekufa mwaka 1780, ilipokewa madukani bila mtu kuuliza habari za malkia. Sayyid Barghash alijaribu kuwa na fedha yake. Mwaka 1299 wa Hijria, yaani 1882 hivi, alitoa riali na pesa za shaba zenye jina lake. Hazikuiondoa rupia ya India, iliyokuja na wafanyabiashara na ikakaa. Kwa Pemba fedha hiyo iliingia wakati mzuri. Tufani ya Aprili 1872 ilikuwa imeangusha sehemu kubwa ya mikarafuu ya Unguja na kuiacha ya Pemba imesimama, na tangu hapo kisiwa hiki ndicho kilichobeba zao. Mwaka 1908 Serikali ya Zanzibar ikatoa noti zake za rupia, zenye picha ya jahazi, na watu wakaanza kujifunza kuamini karatasi.

Kisha ikaja Bodi ya Sarafu ya Afrika Mashariki. Iliundwa Desemba 1919, makao yake London. Zanzibar ilibaki nje na rupia yake kwa miaka 16, ikajiunga tarehe 1 Januari 1936, na rupia ikabadilishwa kwa shilingi moja na senti hamsini. Kwa karani wa Hazina hiyo ni hesabu nyepesi. Kwa mwenye shamba aliyekopa kwa rupia dukani, na kwa mchumaji aliyezoea kulipwa kwa anna na pesa kwa kila pishi, ilikuwa ni kujifunza upya thamani ya kila kitu sokoni, kuanzia kibaba cha mchele hadi fundo la nyuzi. Mambo yenyewe yalikuja wakati deni lilikwisha kuwakaba wenye mashamba. Jumuiya ya Wakulima wa Karafuu, iliyoanzishwa mwaka 1927, ilikuwa imepewa madaraka mapya kwa amri za mwaka 1934, na mwaka mmoja baada ya shilingi kuingia wafanyabiashara wa Kihindi walisusia karafuu hadi yakapatikana maafikiano mwaka 1938. Katika kelele zile hakuna aliyekuwa na nafasi ya kuomboleza rupia.

Bodi ya Sarafu haikuwa benki kuu, na tofauti hiyo inafaa kuelezwa. Haikukopesha serikali wala benki, haikupanga riba, haikuwa na rai juu ya bei ya karafuu. Kazi yake ilikuwa kama ya mizani: benki ya biashara ikiweka pauni London, Bodi hutoa shilingi Afrika Mashariki, ikirudisha shilingi, hupewa pauni. Wajumbe wake walikuwa wachache, wakikutana London, wakiamua sarafu ngapi ziagizwe kwa wachongaji wa Uingereza na noti ngapi zichapwe, na fedha iliyokuwa nyuma ya shilingi ikawekwa kwenye hati za dhamana za pauni. Maana yake kwa Pemba ni kwamba karafuu iliyokauka kwenye sakafu ya Mtambile, ikauzwa na kugeuka pauni, iliacha shilingi hapa ya kuzungukia, na pauni yenyewe ikabaki Uingereza ikifanya kazi za Uingereza. Mwaka 1955 tu ndipo Bodi iliporuhusiwa kuweka sehemu ya akiba, hadi pauni milioni 10, kwenye hati za serikali za Afrika Mashariki zenyewe. Mwaka 1960 makao yakahamia Nairobi, na Bodi ikaanza kujifunza, kwa kuchelewa, kusaidia benki katika misimu ya mazao. Ilikuwa imebakiwa na miaka sita.

Swali la nani arithi Bodi lilijadiliwa kwa heshima kubwa na kwa matumaini zaidi ya yaliyostahili. Mjerumani Erwin Blumenthal, aliyetoka Bundesbank, aliiandikia Serikali ya Tanganyika ripoti yake mwaka 1963. Alikuwa na wazo la benki kuu ya ngazi mbili, moja ya Afrika Mashariki nzima na chini yake benki za nchi. Wazo hilo lilihitaji shirikisho, na shirikisho halikuja. Badala yake yakaja Mapinduzi ya Zanzibar ya Januari 1964, na Muungano wa tarehe 26 Aprili mwaka uleule. Mambo ya Muungano yalikuwa 11 mwanzoni. Fedha na benki ziliongezwa kwenye orodha mwaka 1965. Mwezi Juni wa mwaka huohuo Waziri wa Fedha Paul Bomani alitangaza kwamba Tanzania itakuwa na benki kuu yake, sheria ikapitishwa Desemba, na tarehe 14 Juni 1966 milango ikafunguliwa, Mtei akiwa Gavana. Uganda ilifuata tarehe 15 Agosti, Kenya tarehe 14 Septemba.

Shilingi mpya ilibadilishwa kwa ya zamani moja kwa moja. Ishirini zilikuwa sawa na pauni moja, na saba na senti kumi na nne sawa na dola moja ya Marekani. Noti za kwanza zilikuwa za 5, 10, 20 na 100, zikiwa na picha ya Mwalimu Nyerere. Mwaka huohuo Zanzibar ikapata Benki ya Watu wa Zanzibar, PBZ, mali ya Serikali ya Mapinduzi, na hiyo ndiyo iliyokuja kuwa sura ya benki kwa Mpemba. Wengi waliozaliwa baada ya hapo hutamka "benki" wakiwa na maana ya PBZ, na hawajui kwamba nyuma yake kuna nyingine.

Nadhani tukio kubwa la mwaka 1966 kwa Pemba halikusemwa kwenye hotuba yoyote. Mkondo wa Pemba uligeuka kuwa mpaka wa fedha.

Mtu mwenye chombo alikuwa akivuka kutoka Wete hadi Shimoni, Vanga au Mombasa akiwa na shilingi ileile mfukoni. Aliuza, akanunua kanga, sukari na misumari, akarudi. Ndugu walikuwa pande zote mbili, ndoa zilikuwa pande zote mbili, na shilingi ya Bodi haikuuliza mtu anatoka wapi. Baada ya 1966 kulikuwa na shilingi mbili. Kwa miaka michache tofauti haikuonekana, maana zilibadilishwa sawa kwa sawa. Pauni ilipopunguzwa thamani Novemba 1967, Tanzania haikuifuata. Kenya na Uganda nazo hazikuifuata, na shilingi zote tatu zikabaki pamoja huku pauni ikishuka hadi shilingi 17 na senti 14. Uamuzi ule ulikuwa wa kujitegemea kweli, na Mtei na wenzake wanastahili sifa yao. Lakini mwanzoni mwa miaka ya 1970 udhibiti wa fedha za kigeni uliwekwa hata baina ya nchi hizi tatu. Hapo shilingi ya Mombasa na shilingi ya Wete ziliachana, na kila moja ikaenda njia yake.

Udhibiti wa fedha za kigeni ni kazi ya ofisini kupita kiasi. Ni fomu, mihuri, vibali na foleni. Bodi huidhinisha kiwango, idara hutoa waraka, benki hujaza. Kiwango kikiwekwa juu kuliko hali halisi, hakuna mtu anayepigwa wala kufungwa siku hiyo. Bidhaa tu hupungua madukani polepole, na mwenye karafuu huanza kufanya hesabu ya usiku. Shirika la Biashara la Taifa la Zanzibar, ZSTC, lililoundwa mwaka 1968, lilikuwa mnunuzi pekee halali wa karafuu. Mkulima alilipwa sehemu ndogo ya bei ya dunia, kwa shilingi. Ng'ambo ya maji, mbele ya macho yake, karafuu ileile ilinunuliwa kwa bei bora na kwa shilingi ambayo ilinunua sabuni. Serikali ya Zanzibar iliweka adhabu kali kabisa kwa magendo ya karafuu, hadi ya kifo. Vyombo viliendelea kuvuka. Yeyote anayetaka kuelewa jinsi sera ya fedha inavyofanya kazi asianze na vitabu vya uchumi. Aanze na swali kwa nini baba wa familia, mtu wa sala tano, alikuwa tayari kuhatarisha shingo yake kwa magunia machache.

Haki inanilazimu kusema kwamba makosa hayakuwa ya Benki Kuu peke yake. Bei ya mkulima ilipangwa Unguja. Na katika miaka ya mwanzo Serikali ya Mapinduzi chini ya Abeid Amani Karume iliendelea kushika yenyewe akiba yake ya fedha za kigeni iliyotokana na karafuu, ikaiweka nje kwenye akaunti zake, jambo ambalo Dar es Salaam haikulipenda. Kwa hiyo karafuu ya Pemba ilikuwa na wenyewe wengi: ZSTC iliyoinunua, Hazina ya Zanzibar iliyoshika pauni, na Benki Kuu iliyoamua pauni hiyo ni shilingi ngapi. Aliyeichuma alikuja mwisho wa msururu. Kisha Indonesia, mteja mkubwa aliyeitia karafuu kwenye sigara zake za kretek, ikapanda mikarafuu yake yenyewe, na katikati ya miaka ya 1980 ikawa inajitosheleza. Bei ya dunia ikaanguka. Shilingi ya Tanzania ilishushwa sana mwaka 1986 chini ya makubaliano na Shirika la Fedha la Kimataifa. Sheria ya mwaka 1992 ikafungua milango ya maduka ya fedha za kigeni, na mwaka 1993 kiwango kikaachiwa soko. Leo Mpemba aliyetumiwa dola au riali za Oman hubadilisha dukani mchana kweupe. Kijana wa miaka 25 ukimweleza kwamba kuwa na dola mfukoni kuliwahi kuwa kesi, hukutazama kama unamsimulia habari za majini.

Sheria mpya ya Benki Kuu ya mwaka 1995 iliipa benki hiyo lengo kuu moja, kuzuia bei zisipande ovyo, na ile ya 2006 ndiyo inayotumika sasa. Humo ndimo ilipo Bodi ya Wakurugenzi: Gavana akiwa mwenyekiti, manaibu wake, wawakilishi wa hazina mbili, ya Muungano na ya Serikali ya Mapinduzi ya Zanzibar, na wakurugenzi wengine wasio watumishi wa benki. Sheria pia inataka Gavana akitoka upande mmoja wa Muungano, mmoja wa manaibu atoke upande wa pili. Katibu Mkuu wa Hazina ya Zanzibar ana kiti chake pale kwa cheo chake, wala hasubiri hisani ya mtu. Wanaoandika kuhusu kero za Muungano hukitaja kiti hicho kwa nadra. Hupenda zaidi namba mbili. Ya kwanza ni asilimia 11.02, inayotajwa kuwa sehemu ya Zanzibar katika mali za Bodi ya Sarafu zilizoingia kwenye mtaji wa Benki Kuu. Ya pili ni asilimia 4.5, mgawo wa Zanzibar katika gawio la benki na misaada ya nje, uliowekwa kama wa muda na ukazeeka katika muda huo. Mjadala huo ni wa haki na haujaisha. Mimi ningeongeza tu kwamba hata asilimia hizo zingepatanishwa kesho asubuhi, kijiji cha Mgelema kisingejua, lakini noti za elfu moja zikiadimika Chake Chake mwezi wa Septemba kinajua siku hiyohiyo.

Hapo ndipo penye uzito wa jambo lenyewe, kwenye msimu.

Karafuu haingoji. Ikishafika wakati wake, kabla ua halijafunguka, huchumwa, na mchumaji hulipwa kwa pishi, jioni, mkononi. Usiku familia hukaa kuchambua, karafuu upande mmoja na makonyo upande mwingine. Asubuhi huanikwa kwenye majamvi au sakafu, siku kadhaa za jua, zaidi mvua ikipita. Ikikauka hutiwa kwenye magunia na kupelekwa kwenye kituo cha ZSTC, ikapimwa, ikapangwa daraja, ikalipwa. Kwa hiyo mwenye shamba hutoa fedha siku nyingi kabla ya kupata fedha. Pengo hilo ndilo lililomfanya mwenye duka awe mkopeshaji tangu enzi za rupia. Ndilo lililoifanya bei khiyari ienee: mwenye shamba alimuuzia mwenye fedha shamba lake kwa sharti la kulikomboa, kisha akalikodi lilelile alilouza, ili deni lipite mlangoni pa sheria bila kuitwa riba. Mashamba mengi yalikwenda kwa njia hiyo, kwa wema wote wa maneno.

Sasa tazama ukubwa wa fedha yenyewe. Kwa miaka mingi ya muongo wa 2010, baada ya Serikali ya Zanzibar kuamua mkulima apate asilimia 80 ya bei ya dunia, karafuu ya daraja la kwanza ilinunuliwa kwa shilingi 14,000 kwa kilo. Msimu wa tani 3,000 kwa bei hiyo ni shilingi bilioni 42. Ukizilipa kwa noti za elfu kumi ni zaidi ya noti milioni nne, na sehemu kubwa yake huhitajika Pemba, katika miezi michache, vijijini, na si kwa elfu kumi tu, maana mchumaji wa pishi chache halipwi kwa elfu kumi. Kisiwa hakina daraja. Noti huja kwa bahari au kwa ndege hadi Chake Chake. Benki ya biashara huzichukua kutoka kwenye akaunti yake ya Benki Kuu, huko Gulioni, na mtu fulani ofisini, ambaye jina lake halitaandikwa kwenye kitabu chochote cha maadhimisho, lazima awe amekisia mapema kwamba mwaka huu ni mwaka wa karafuu, maana mikarafuu nayo haizai sawa kila mwaka. Akikisia chini, kituo kina karafuu na hakina fedha. Akikisia juu, makasha yamejaa noti zisizo na kazi.

Msimu ukiisha, mzunguko hugeuka. Fedha hutoka kijijini hadi dukani, kwa mabati, baiskeli, mahari na karo. Kutoka dukani huingia benki, na kutoka benki huondoka kisiwani kwenda kulipia bidhaa za Dar es Salaam, Tanga na Dubai. Noti zinazorudi zimechakaa kwa jasho na hewa ya chumvi, na baadhi zinanukia karafuu kuliko zinavyonukia fedha. Benki huzichambua, zilizochoka zikarudi kuteketezwa na mpya zikatoka. Kuchambua noti hakuna msimu. Kunafanyika mwaka mzima. Ukiuliza Benki Kuu imefanya nini Pemba kwa miaka 60, jibu la kweli ni kwamba imefanya hilo mara nyingi zisizohesabika, na siku ilipofanya vizuri hakuna aliyegundua.

Mambo mawili yamepunguza uzito wa makasha. La kwanza ni mfumo wa malipo baina ya benki, TISS, ulioanza mwaka 2004, ambao huhamisha fedha za benki moja kwenda nyingine bila karatasi kusafiri. La pili ni simu. Huduma za fedha kwa simu zilianza Tanzania mwaka 2008, na Zantel, kampuni iliyokuwa na mizizi Zanzibar, ilikuwa miongoni mwa walioanza mapema. Benki Kuu haikubuni huduma hizo. Iliziacha zikue huku ikizitazama, na sheria ya mifumo ya malipo ikaja mwaka 2015, zikiwa zimekwisha kuenea. Wapo wanaouita uzembe. Mimi nauona ni mmoja kati ya maamuzi yake bora, maana kanuni kamili mwaka 2008 ingeandikwa na watu wasiojua bado wanaandikia nini.

Kuhusu riba, Benki Kuu na Pemba zilichukua muda mrefu kusikilizana. Kisiwa chenye Waislamu karibu watu wote kiliwekewa kwa miongo mingi benki zenye bidhaa moja tu: amana ya riba na mkopo wa riba. Wengi waliweka fedha bila kuchukua riba, au waliiacha nyumbani, au waliigeuza ng'ombe, dhahabu na miche. Mwaka 2011 PBZ ilianza huduma za kibenki zinazofuata sharia, na mwaka huohuo Amana, benki kamili ya aina hiyo, ikafungua milango Dar es Salaam. Vyote vilihitaji ruhusa ya Benki Kuu, na ruhusa hiyo ni muhuri mmoja katika mafaili mengi ya mwaka ule. Kwa watu wa hapa ilikuwa na uzito kuliko mabadiliko ya sheria yote mawili niliyoyataja. Mwenye shamba aliyekataa mkopo wa benki kwa sababu ya dini, lakini akawa anamkodishia mwenye duka mikarafuu yake ikiwa ingali na maua, sasa alikuwa na mlango wa tatu wa kubisha.

Kisha Januari 2024 Benki Kuu ilihama kutoka kuongoza wingi wa fedha na kuanza kuongoza kwa riba yake yenyewe. Kamati ya Sera ya Fedha, chini ya Gavana, ilianza na asilimia 5.5, ikapandisha hadi 6 mwezi Aprili mwaka huo, ikashusha hadi 5.75 Julai 2025. Kila baada ya miezi mitatu tangazo hutoka, na magazeti huliweka ukurasa wa biashara. Namba hiyo hufika Pemba kwa njia ndefu na ikiwa imechoka: hupitia soko la fedha baina ya benki, kisha gharama ya benki, kisha pengine faida anayotozwa mtu aliyenunua boti kwa murabaha. Wachumi wa Benki Kuu wanajua kwamba mahali penye fedha nyingi za mkononi na mikopo michache ya benki, riba ya sera ina mkono mfupi. Hapa ni mfupi zaidi. Mvua ya Novemba kwenye karafuu iliyoanikwa ina nguvu kuliko robo asilimia.

Noti zina mkono mrefu zaidi. Oktoba 2014 Benki Kuu ilitoa sarafu ya shilingi 500 kuchukua nafasi ya noti, kwa sababu noti hiyo ilipita mikono mingi na kuchakaa haraka. Sarafu hudumu miaka. Uamuzi huo ulikuwa sahihi kwa gharama. Kwa mchumaji anayelipwa jioni shambani, sarafu hutoka mfukoni akiwa juu ya mkarafuu na kupotelea kwenye majani, na hilo halikuwemo kwenye hesabu ya mtu yeyote. Kwa hiyo siku za mavuno, kwenye kaunta za Wete na Mkoani, utamkuta mwenye shamba aliyelipwa na ZSTC kupitia akaunti yake akimwomba karani asimpe elfu kumi kumi. Anataka elfu moja moja na elfu mbili mbili, mabunda mazima, ana watu wa kulipa kabla ya magharibi. Karani hufungua droo, hutazama kilichobaki, na humpa nusu ya alichoomba.